Kusimama Mahali pa Mama

Mlembule,
Jumatatu, 6 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Unalijua lile jiwe la mtandao: ukipanda kupiga simu, watu saba wanasubiri chini yake na wote wanasikia. Jana nilipompigia mjomba Godfrey nikupate, nilitaka kukuuliza kama mguu unakunyima usingizi. Nikajikuta nauliza kama Morogoro kuna jua.

Twalibu amekubali kubeba barua. Anapandisha pikapu yake hadi mwisho wa barabara kila Jumanne na Ijumaa kuchukua mboga, na anasema nyumba ya mjomba pale Mwembesongo haimtoi njiani. Nitaziweka barua juu ya tenga la karoti, ndani ya pakiti ya chumvi ili zisilowe. Majibu yako nayo nitayapokea kwake.

Huku vuli imekatika mapema. Kabichi za mashamba ya chini zinalegea majani ikifika saa sita. Kila alfajiri napanda kwenye banio la mtoni kutoa majani yanayoziba mipira ya maji, kama ulivyokuwa ukifanya. Lile jiwe lililokuangusha silikanyagi, napita majini.

Kuna jambo jingine. Mzee Nasibu amehamia Mikese kwa mwanawe, kama alivyokuwa akisema tangu mwaka jana, hivyo kikundi cha maji hakina mwenyekiti. Uchaguzi ni Jumapili baada ya misa. Mama Agnes alikuja hapa akasema wanawake wa mashamba ya chini wanakutaka wewe. Wengine wanamtaja Kasiani. Aliniuliza kama utakuja, nikamwambia nitakuuliza.

Matokeo ya kidato cha nne bado. Yakitoka nitakuandikia, usiulize kwa simu.

Mwanao,
Veronika


Mwembesongo,
Alhamisi, 9 Januari 2025

Veronika mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikinuka karoti, nikaona kama niko nyumbani.

Mguu upo ndani ya hogo la plasta na hogo lipo juu ya mto. Daktari anasema mpaka mwisho wa Februari. Esther, mke wa mjomba wako, hataki nifanye lolote. Jana nilichambua mchele kwa siri akaninyang'anya ungo. Ananiita wifi mgonjwa mbele ya wageni, nami si mgonjwa, nimevunjika tu.

Kuja siwezi. Gari haifiki nyumbani, na kutoka mwisho wa barabara ni kupanda saa nzima na nusu. Mguu hauruhusu. Lakini nagombea. Miaka kumi na moja Mzee Nasibu alikuwa akisema, mimi nikipanda banioni. Yeye alitangaza zamu, mimi ndiye niliyejua shamba gani linakauka upesi na mpira upi una tundu. Sasa aliyekuwa akisema ameondoka, naona na anayepanda aruhusiwe kusema.

Utaratibu unaujua kwa kusikia, nami nakuandikia uujue vizuri. Kwetu hatutumii karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani, watu wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, na mwenye mkutano anahesabu vichwa. Mgombea asipokuwepo, mtu wa nyumba yake husimama mahali pake. Wewe ndiye nyumba yangu. Tuko thelathini na wanne. Wanawake wa chini ni kumi na tisa na wote waliniahidi kabla sijaanguka, mmoja mmoja, kwa mdomo wao. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili.

Najua unavyoona haya mbele ya watu. Ndiyo maana nakuambia: simama tu. Huna haja ya kutamka neno. Vaa viatu.

Mama yako,
Yustina


Mlembule,
Jumatatu, 13 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Uchaguzi umefanyika jana. Hukupata. Amepata Kasiani.

Nilivaa viatu.

Nimeweka figili chache chini ya karoti, ni za kwako na mkaza mjomba Esther, Twalibu asizichanganye na za sokoni. Kuku wawili wanataga. Pole sana mama.

Veronika


Mwembesongo,
Alhamisi, 16 Januari 2025

Veronika,

Pole na wewe kwa kusimama juani. Usihuzunike kwa ajili yangu. Kasiani si mtu mbaya. Amekuja kwetu kwa mkewe, shamba ni la mkewe, lakini analilima kweli, na kanisani sauti yake peke yake inatosha kwaya.

Ila niambie kitu kimoja. Walikuja wangapi nyuma yako? Siulizi kwa ubaya. Nimekaa hapa nahesabu hogo langu na dari ya mjomba wako, nataka na kingine cha kuhesabu. Kama ni kumi na watano nitajua wanne walipata sababu zao. Kama ni watano, nitajua jambo jingine.

Na Agnes hajambo? Kila Twalibu akija huwa ananiletea salamu zake, tena salamu zenye maneno: mara mbuzi kazaa, mara nipone upesi amechoka kuimba sauti ya kwanza peke yake. Safari hii Twalibu amesema hakupewa kitu.

Mama yako


Mlembule,
Jumatatu, 20 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Mama Agnes hajambo. Alikuwa na kazi nyingi.

Idadi siwezi kukuambia. Nilikuwa nimesimama mbele na sikugeuka nyuma, kwa hiyo sikuhesabu.

Ninachoweza kukuambia ni walichosema watu, maana masikio hayakuwa na pa kujificha. Walisema mwenyekiti ni mtu wa kwenda ofisi za maji mjini. Kasiani akiingia na lile koti lake, karani atainuka mwenyewe ampishe kiti. Walisema wewe ukiingia na mabuti yako, utaambiwa wanaouza ndizi wanakaa nje. Mmoja alisema, "Yustina fundi, sikatai. Lakini fundi na kiongozi ni vitu viwili." Mwingine akasema sauti yako ni ya kuitia kuku. Sijui kama ulitaka kusikia haya. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nikiulizwa niseme.

Kasiani alipoinuka watu walinyamaza kabla hajafungua mdomo, mama. Sijui wanaume kama hao wanafanyaje. Hata mimi nilinyamaza, na nilikuwa nimeshanyamaza.

Wiki hii maji hayakufika chini siku mbili mfululizo. Watu wa juu wanafungua mipira wakitaka. Kasiani anawaambia waache, wanamwitikia vizuri kabisa, "Sawa mwenyekiti," halafu hawaachi. Kwenye banio hajapanda hata mara moja.

Mguu unasemaje?

Veronika


Mwembesongo,
Alhamisi, 23 Januari 2025

Veronika mwanangu,

Mguu hausemi. Umefungwa.

Nimekuelewa. Mtoto asiyetaka kumuumiza mama yake husema hakugeuka nyuma. Basi hawakuja. Nimeliacha.

Hapana, sijaliacha. Nimelala nalo siku mbili. Agnes nilimzalisha mtoto wake wa pili kwa mikono yangu, mvua ikinyesha, mkunga akiwa ng'ambo ya mto. Alinishika mkono mwezi wa Novemba pale kisimani akaniambia, "Yustina, safari hii ni wewe." Kama alibadilisha moyo si angeniambia? Ningemsikiliza. Angesema hata kwa Twalibu. Lakini kaninyamazia kama mtu aliyeiba.

Hao kumi na nane wengine siwataji. Sitaki majina yao yajae kwenye barua yako.

Jana nilijitazama kwenye kioo cha Esther. Kile cha kabatini, kinachokuonyesha mwili wote. Nyumbani tuna kipande cha kiganja, najiona jicho kwanza halafu shavu, sijawahi kujiona mzima kwa mara moja. Nikamwona mama mfupi, meno mawili ya mbele hayapo, kichwa kimeingia mabegani kwa kubeba matenga. Nikasema, loo, kumbe ndiye huyu waliyekuwa wakimwona miaka yote wakati mimi nawaeleza habari za maji. Esther anasema mjini yapo meno ya bandia, yanakaa vizuri. Pengine.

Mjomba wako amenieleza kwamba hogo likitoka nibaki hapa. Esther ana meza yake ya mboga pale Mwembesongo, tungeuza wote. Wewe ungekuja, ungesoma ufundi wowote unaopenda. Shamba tungempa mke wa Kasiani alitunze, ana nguvu na sasa ana maji. Fikiria. Mimi nimefikiria na sioni cha kunirudisha huko.

Mama yako


Mlembule,
Jumatatu, 27 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimewashia moto.

Wanawake wa chini walikuja, mama. Hawakukugeuka.

Acha nikueleze toka mwanzo, nisipofuata mpangilio nitakimbia tena. Tulitoka kanisani tukaenda uwanja wa shule. Mzee Pazi ndiye aliyeendesha mkutano. Kasiani akasimama upande wa goli. Mzee Pazi akauliza, "Yustina yuko wapi?" Mama Agnes akajibu, "Yuko mjini anauguza mguu, ila nyumba yake ipo," akanisukuma kidogo mgongoni. Nikaenda kusimama upande wa mlingoti wa bendera. Nilivaa viatu vya shule.

Wakaanza kucheka, si wote. Mmoja akasema, "Mzee Pazi, mgombea haonekani. Mleteeni kiti apande." Mwingine akasema, "Huyu mwali katolewa ndani lini? Mbona ngoma hatukuisikia?" Mzee Pazi naye akacheka kidogo, akasema wenye kumtaka Kasiani waende kwa Kasiani, na wenye kumtaka Yustina waende kwa huyu mtoto. Nina miaka kumi na nane, mama. Nilitaka kusema hivyo, nikaangalia viatu.

Nikasikia miguu inakuja nyuma yangu. Mama Agnes alikuwa wa kwanza, aliniwekea mkono begani. Halafu wengine, wengi, nasikia vitenge vinavyogusana. Sikugeuka, hilo lilikuwa kweli. Lakini nilijua ni wengi kwa sababu jua lilikuwa nyuma yetu na vivuli vyao vilinipita mbele.

Wanaocheka ningewavumilia. Aliyeniweza ni Kasiani. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza polepole kama mtu anayemuuliza mtoto aliyepotea sokoni: "Mwanangu, tukikupeleka ofisi ya maji kwa niaba ya mama, utawaambia nini?"

Watu wote wakanisubiri. Jibu nilikuwa nalo. Ningesema zamu ya Jumatatu ni ya nani na kwa nini, ningesema mpira wa tatu umetoboka wapi. Lakini wote walikuwa wananitazama, na nikajiona kwa macho yao, kafupi, katoto, na nyuma yangu nikakuona na wewe hivyohivyo. Niliona aibu. Si yangu tu. Niliona aibu ya jinsi ulivyo, na mabuti yako, na meno yako. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kusema mkutanoni, na nilichosema ni, "Mama amejitoa."

Mkono wa Mama Agnes ukaondoka begani.

Mzee Pazi akauliza, "Amejitoa? Amekutuma useme hivyo?" Nikatikisa kichwa kukubali. Basi hakuhesabu. Akatangaza Kasiani amepita bila kupingwa. Mama Agnes akapita mbele yangu akasema, si kwa hasira, "Angetuambia mapema tusingesimama kama wajinga." Tangu siku hiyo hajafika kwetu. Ndiyo maana salamu zimekatika. Anadhani wewe ndiye uliyewaacha, na wewe unadhani yeye ndiye aliyekuacha, na katikati yenu nipo mimi na kalamu.

Nilidhani uongo mdogo ungekuumiza kidogo. Uliposema hutarudi nikaona uongo huo umekuwa mkubwa kuliko nyumba.

Usimpe mtu shamba. Ukitaka kunichapa njoo unichape huku.

Matokeo yametoka Alhamisi. Nimepata divisheni three. Nimeandika chini kabisa kwa sababu leo si habari.

Veronika


Mlembule,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Ijumaa nilimsubiri Twalibu tangu asubuhi. Alishusha magunia yote matupu nikitazama, hakukuwa na barua. Nikamuuliza kama umeipata ya kwangu. Akasema, "Nilimpa mkononi. Aliisoma nikiwa nakunywa maji, akaniambia hakuna jibu." Nikamuuliza ulikuwaje. Akasema, "Dada, mimi nabeba karoti."

Sitakuomba ujibu. Nakupa habari tu.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Agnes. Nilimkuta mtoni anaosha karoti na wenzake watano. Nilitaka kumwita pembeni, kisha nikaona kwamba uongo niliusema mbele ya watu, pembeni si mahali pake. Nikasimama kwenye maji nikasema. Sijui nilisemaje, nakumbuka baridi tu miguuni. Nilisema hukujitoa, hukunituma, ni mimi.

Mama Agnes aliendelea kusugua karoti moja ambayo ilikuwa safi. Halafu akasema, "Umekaa na hilo wiki tatu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ndiyo maana umekonda. Mimi nilidhani unajipikia vibaya." Akanitupia fungu la karoti. "Osha. Mama yako nitamtukana mwenyewe akija, kwa kuamini kwamba naweza kumwacha."

Nilipofika nyumbani nikamkuta Kasiani amekaa kizingitini, magoti yamefika kwenye kidevu. Nikadhani amesikia amekuja kunigombeza. Alikuwa hajasikia. Alivua kofia akaniuliza kama ulikuwa unaandika zamu za maji mahali, kwenye daftari, kwa sababu yeye hazimwelei. Nikamwambia huandiki, unazo kichwani. Akaizungusha kofia mikononi. Kisha akasema maneno ambayo nakuandikia kama alivyoyasema:

"Mimi nikisimama watu wananyamaza. Na nikinyamaza mimi, wanadhani nawaza. Tangu nikiwa kijana ni hivyo. Nilichaguliwa kiranja wa darasa siku ya kwanza shuleni, hata jina langu hawajalijua. Kumbe mara nyingi nanyamaza kwa sababu sijui."

Hapo nami nikamwambia ukweli wa siku ile. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kwa hiyo mimi ni mwenyekiti wa maneno yako matatu." Nikamwambia ni mawili. Alicheka, mama, akacheka mpaka kuku wakatoka chini ya uchaga.

Jana na leo alfajiri tumepanda wote kwenye banio. Nilimwonyesha mipira, upi wa nani, upi unavuja, na kwa nini wa chini wapewe maji mapema kabla jua halijapanda. Mikono yake mikubwa haiingii kwenye maungio, nikaziba mimi. Njiani tulikutana na wanaume wawili wa mashamba ya juu, wakamuuliza yeye, "Mwenyekiti, leo zamu ya nani?" Akawaambia, "Muulizeni huyu." Wakamtazama yeye wakisubiri aseme. Akarudia, "Nimesema muulizeni huyu." Ndipo wakaniuliza. Nikawaambia, na sauti ilitoka, ndogo lakini ilitoka.

Anataka kuitisha mkutano tarehe 16, Jumapili, mstari upangwe upya na vichwa vihesabiwe. Amesema akishinda kwa kuhesabiwa ataendelea, na akishindwa atashukuru zaidi. Nimemwambia sijui kama mama yangu bado anataka.

Hizo ndizo habari. Nasubiri hata kama hutaandika.

Veronika


Mwembesongo,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Veronika mwanangu,

Ijumaa ile sikukosa karatasi. Nilikosa uso.

Ulidhani nimekasirika. Nilikasirika, sikufichi, kuanzia saa nne hadi Esther alipoita chakula. Nilisoma pale ulipoandika kwamba uliona aibu ya jinsi nilivyo, nikasema, kumbe hata wa tumboni mwangu. Nilitaka kukuandikia neno zito ulibebe. Nikashika kalamu. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo nami sikukuambia, na kalamu nikaiweka chini.

Katika barua yangu ya kwanza niliandika kwamba mguu hauruhusu. Mguu uliruhusu. Mjomba wako alishapata gari la kunifikisha mwisho wa barabara, na vijana wanne wa kunipandisha kwa machela. Daktari alisema hakuna neno, nisikanyage tu. Mimi ndiye niliyekataa. Mjomba wako aliuliza kwa nini, nikamwambia naogopa mvua. Mvua gani, na wewe mwenyewe umeniandikia kabichi zinalegea.

Nilijiona napitishwa mbele ya kanisa, nimelazwa kama gunia, hogo mbele, mdomo bila meno, watu wananiangalia kutoka juu. Nikasema nani atapanga mstari nyuma ya mtu aliyelala. Watamwona Kasiani amesimama wima, na mimi chini. Sikutaka wanione. Basi nikakutoa wewe, mtoto ninayejua kwamba anaona haya hata kumwitikia padri, nikakuweka mahali ambapo mimi niliona aibu kuonekana. Nikakuambia uvae viatu, kana kwamba viatu vingekusaidia.

Wewe uliogopa macho yao ukasema maneno mawili. Mimi niliyaogopa kutoka huku, umbali wote huu, hata kabla hawajanitazama. Nani mwoga zaidi? Kwa hiyo usiniombe radhi tena kwa hilo. Niombe kwa kuniacha nimchukie Agnes wiki mbili, hapo nakukubalia, na nimeshakusamehe. Na mimi nisamehe lile la kwangu, ukiweza.

Esther nimemwambia meza yake aendelee nayo peke yake, anauza vizuri bila mimi. Habari ya meno nayo nimeiahirisha. Divisheni three ni habari. Ungeiandika juu kabisa. Mjomba wako ameitangaza mtaa mzima, mpaka muuza mkaa amenipa hongera.

Mwambie Kasiani nimekubali mkutano, na mwambie nimemheshimu. Mwambie Agnes aandae matusi yake. Nitakuja Jumamosi tarehe 15. Twalibu ameniahidi kiti cha mbele kwenye pikapu, atanifikisha mwisho wa barabara saa nne. Kutoka hapo nataka machela. Nisipitishwe njia ya mashambani, nipitishwe ya kanisani, mchana, watu wakiwa nje. Waniangalie wachoke, ili Jumapili wapate nafasi ya kusikiliza.

Jumapili usisimame mahali pangu. Nitakaa kwenye kiti, mahali pangu mwenyewe. Wewe chagua mstari unaoutaka, na ukienda kwa Kasiani sitakununia. Sana.

Mama yako,
Yustina


Mlembule,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Hii ndiyo ya mwisho kwa njia ya karoti. Kesho nitampa Twalibu akukabidhi ili usome kabla hujapanda gari.

Machela ipo tayari. Mzee Pazi ametoa miti miwili ya mwanzi na Mama Agnes ametoa blanketi lake zuri, amesema ukilichafua na hogo utalifua kwa mguu huohuo. Mkutano umetangazwa kanisani. Wanaokutaka wapo na wasiokutaka wapo, sijui hesabu itakuwaje. Yule aliyesema niletewe kiti amenisalimia jana njiani kwa jina langu, ila bado anasema fundi na kiongozi ni vitu viwili.

Wabebaji wako wanne. Watu walipomsikia Kasiani anajitolea wakamwambia ashike mbele, maana ni mwenyekiti na ni mrefu, itapendeza. Alikuja kuniuliza kama ndivyo. Nikamwambia hapana, kutoka barabarani hadi nyumbani ni kupanda tu. Mrefu akishika mbele, kichwa chako kitainuliwa mno nawe utateremka hadi miguuni kwa wa nyuma. Kwenye mlima warefu hushika nyuma, wafupi hutangulia, ndipo machela inakaa sawa. Akaenda kuwaambia hivyo. Wamejaribu kwa gunia la viazi, wamekubali.

Nyuma watashika Kasiani na shemeji yake. Mbele tutashika mimi na Mama Agnes.

Nakusubiri mwisho wa barabara.

Mwanao,
Veronika